Kimara hadi Kariakoo kwa baiskeli: jibu kwa binti ambaye mama yake hataki

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, naishi Kimara Baruti, nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo. Nimenunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile yenye kikapu mbele, nataka niachane na kugombania mwendokasi asubuhi. Mama anasema nikithubutu ataniita marehemu nikiwa bado hai. Je, inawezekana kwenda na kurudi kila siku bila kuumia? Sheria inanilinda? Na nikizoea naweza kuingia mashindano, au nimeshachelewa?"

Marahaba, mwanangu. Hofu ya mama yako ina msingi, kwa hiyo nitaanza nayo. Anaona anachokiona kila mtu barabarani: bodaboda inayochomekea, daladala inayosimama ghafla, lori linalotanua pembeni. Lakini hofu huwa inatutazamisha upande mmoja. Karibu kila mtu anayekuja kwangu kujifunza huniambia anaogopa kugongwa kwa nyuma. Hatari hiyo ipo, na ni kubwa hasa barabara kuu za nje ya mji na usiku kwa asiye na taa. Mchana, katikati ya jiji, wengi niliowaona wakianguka walipatwa na jambo la mbele au la ubavuni: gari lililokata kushoto kuingia mtaani, mlango uliofunguliwa, daladala iliyochomoka kituoni, abiria aliyeshuka bila kutazama. Mambo hayo yote hutanguliwa na dalili, na dalili mtu anaweza kujifunza kuzisoma. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, nenda. Ila isiwe Jumatatu hii.

Kwanza baiskeli yenyewe. Umechagua vizuri. Zile baiskeli za Kijapani zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda sokoni na kazini. Fremu imeshuka katikati, unapanda na sketi yako bila taabu. Cheni imefunikwa, pindo la dera haliliwi. Madigadi yapo, matope hayakufikii mgongoni. Na nyingi zina taa ya dainamo. Kasoro yake ni uzito, nao utausikia jioni ukipanda kutoka Ubungo kurudi Kimara. Kilima hicho ukishindwa kukimaliza, shuka usukume, hakuna aibu yoyote. Baada ya wiki chache utashangaa umefika juu hujashuka.

Mpelekee fundi, lakini simama naye. Mwambie afungue gurudumu la mbele na la nyuma, atazame gololi, aweke grisi mpya. Breki ndizo nataka uzisimamie mwenyewe. Breki ya nyuma ya baiskeli hizi mara nyingi imefichwa kwenye kikombe katikati ya gurudumu, na ikizeeka hupiga kelele kama mbuzi. Fundi mwenye nia njema atataka kuinyamazisha kwa tone la oili. Usikubali kabisa. Oili ikiingia humo breki inakwisha, nawe utaligundua hilo ukiwa unateremka Kimara. Kelele ikizidi, ibadilishwe. Kisha ujue mkono upi unashika breki ya mbele. Kwenye baiskeli za Kijapani kwa kawaida ni wa kulia, lakini fundi aliyeifungua kabla yako huenda alizigeuza nyaya. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ibane polepole huku umerudisha mwili nyuma, pamoja na ya nyuma. Na kama rimu zako ni za chuma, jua kwamba zikilowa breki hushika kwa kuchelewa sana. Siku ya mvua anza kubana mapema, mara mbili ya umbali uliouzoea.

Kiti wengi wetu tunakiweka chini mno, magoti yanakaribia kifua, halafu tunasema baiskeli inachosha. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu ilipo. Kwa siku za kwanza unaweza kushusha kidogo ili uguse chini ukisimama, kisha ukipandishe taratibu. Tairi lijazwe upepo hadi namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Tairi laini linakula nguvu zako na linaalika pancha.

Kofia ngumu vaa, na mkanda ubane chini ya kidevu hadi vidole viwili tu vipite. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na usitegemee dainamo peke yake, kwa sababu zile za kawaida huzimika ukisimama, na kusimama gizani ndiko kunakotaka taa. Jua la Dar linazama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro jioni kutegemea mwezi, nawe dukani Kariakoo hutoki mapema. Nunua taa ndogo ya betri, ifunge nyuma chini ya kiti, na kabla hujaondoka hakikisha mkoba au khanga haijaifunika.

Sasa njia. Nimeipita Barabara ya Morogoro mara nyingi kuliko nilivyoingia chumbani kwangu, hebu tuishuke pamoja.

Ukitoka Baruti mteremko unakuvuta hadi karibu na Ubungo. Hapo ndipo mtu mpya anapofurahi kupita kiasi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Wewe ukiachia mteremkoni unaweza kufika 30, yaani zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Dereva anayetoka mtaa wa pembeni akiona baiskeli ya kikapu inayoendeshwa na binti, akilini mwake unakwenda mwendo wa mtembea kwa miguu. Anahesabu kwamba atawahi, nawe unamkuta katikati. Teremka breki zikiwa vidoleni, na kila unapoona pua ya gari mtaani tazama tairi lake la mbele. Uso wa dereva unaweza kukudanganya, lakini tairi likianza kuzunguka ujue anakuja.

Ubungo ndipo mahali pa kuheshimu kuliko pote. Morogoro inakutana na Mandela na Sam Nujoma, na ingawa tangu 2021 kuna barabara za juu, chini bado malori ya makontena yanapinda kwenda na kutoka bandarini. Lori refu likikata kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya kichwa, yanaingia ndani zaidi na kufagia kona. Mtu aliyesimama kati ya lori na ukingo wa barabara hana pa kukimbilia. Kwa hiyo foleni ikisimama kwenye taa, usijipenyeze kushoto mwa lori hata kama nafasi inakuita. Kaa nyuma yake, mahali unapoona saiti mira na uso wa dereva ndani yake. Usipomwona, yeye pia hakuoni. Na mwezi wa kwanza nakuomba ushuke kabisa Ubungo, uvuke kwa miguu na waenda kwa miguu. Dakika tatu unazopoteza utazilipa Manzese.

Kuanzia Shekilango, Urafiki, hadi Manzese na Magomeni, mradi wa mwendokasi ulijenga njia za pembeni kwa ajili ya baiskeli na watembea kwa miguu. Mabasi yalianza 2016, na jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi kama mtoto, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa baiskeli alihesabiwa kwenye ramani. Leo utaikuta njia hiyo imepangwa viatu, ndizi, jiko la chipsi, na bodaboda zimeegeshwa zikisubiri abiria. Inaniuma. Machinga anatafuta ridhiki kama wewe, sina ugomvi naye. Ila kila kipande cha njia kinachozibwa kinamsukuma mtu wa baiskeli katikati ya magari. Wenzetu wa UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, wamelidai jambo hili kwa miaka, nawe ukizoea njia hii sauti yako itahitajika huko. Kwa sasa, njia ikiwa wazi itumie, mwendo wa taratibu, kengele mkononi. Ikiziba, simama, tazama nyuma, nyoosha mkono wa kulia, kisha ingia barabarani ukiwa umeamua. Kutoka na kuingia, kutoka na kuingia kila mita ishirini ndiko kunakoua, maana dereva wa nyuma hajui uko wapi.

Ukiwa barabarani kaa kama mita moja kutoka ukingoni. Najua mwili utataka kujibana kabisa pembeni. Pembeni ndiko kuliko na mchanga, mifuniko ya mitaro iliyovunjika na vipande vya chupa, na ukijibana huko dereva anaona nafasi ya kukupita bila kuhama, anakupita akikuchuna kiwiko. Ukikaa mita moja anakuona, anaamua, anahama. Na kila gari lililoegeshwa mpe upana wa mlango wake na zaidi. Mtulinga wangu wa kushoto umeunganishwa kwa sababu ya kosa hili. Nilipita karibu na gari dogo lililoegeshwa, dereva akafungua mlango bila kutazama, nikaangukia bega. Miezi miwili sikuweza kuvaa shati bila kusaidiwa. Siku hizi nikiona kichwa cha mtu ndani ya gari lililosimama, nahama kabla sijafikiri.

Kwenye vituo vya daladala kanuni ni moja: basi lililosimama usilipite kwa kushoto. Kushoto kuna abiria wanaoshuka. Subiri nyuma, au pita kulia kama nyuma yako kuko wazi na basi halijawasha indiketa. Konda akigonga bodi, usipite, ndiyo limeanza kuondoka.

Halafu Jangwani. Bonde la Msimbazi mwenyewe unalijua. Masika likijaa maji, barabara hufungwa, hata mabasi ya mwendokasi huishia njiani. Siku hiyo baiskeli ilale nyumbani. Usijaribu kupita kwenye maji hata yakiwa ya kifundo cha mguu, kwa sababu huoni shimo wala mtaro uliofunguka chini yake, na maji yanayotembea yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Siku za kawaida Jangwani ni sehemu tamu, tambarare, upepo wa asubuhi unakupuliza, ila magari huongeza mwendo. Nyoosha mstari wako usiyumbe.

Ukifika kituo cha Fire, safari ya kuendesha imekwisha. Mtaa wa Msimbazi na vichochoro vya Kariakoo vina mikokoteni, maguta, watu waliobeba marobota kichwani. Baiskeli pale inasukumwa. Kufuli ile ya duara kwenye gurudumu la nyuma inazuia gurudumu kuzunguka tu, mwizi anaibeba baiskeli nzima begani. Nunua cheni nene, ifunge fremu pamoja na gurudumu kwenye nguzo ya chuma, mbele ya macho ya mtu unayemfahamu. Nadhani mwenye duka jirani atakubali ukimwomba kwa heshima.

Mwendo wote huo ni kama kilomita 12. Ukienda taratibu, kilomita 15 kwa saa, ni dakika 48, weka saa nzima kwa ajili ya kusimama. Linganisha na muda unaosimama kituoni ukisubiri basi lenye nafasi ya mguu mmoja.

Kuhusu sheria. Baiskeli si chombo cha moto, kwa hiyo huhitaji leseni. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakutambua kama mtumiaji wa barabara mwenye haki na wajibu. Unaendesha kushoto. Taa nyekundu inakuhusu. Kwenye zebra unasimama mtu avuke. Kwenye kipilefti unawapisha waliomo ndani, wanaotoka kuliani kwako. Njia ya mabasi ya mwendokasi huruhusiwi kuingia, hata ikiwa tupu, hata ukiona bodaboda tano zimeingia. Dereva wa basi lile hategemei kukutana nawe na halisimami haraka.

Kuna kosa moja hapa ambalo watu wengi wanadhani ni busara: kuendesha upande wa kulia "ili nione magari yanayokuja". Hiyo ni kanuni ya mwenda kwa miguu. Kwako ni hatari. Gari la kilomita 50 likikufuata nawe unakwenda 15, tofauti yenu ni 35, dereva ana muda wa kukuona na kupunguza. Mkikabiliana, mnasogeleana kwa 65. Zaidi ya hapo, dereva anayetoka mtaa wa pembeni kukata kushoto anatazama kulia tu, maana ndiko magari yanakotoka. Ukimjia kutoka kushoto kwake hayupo mtu wa kukuona.

Ikitokea umegongwa, Mungu apishe mbali, jambo la kwanza baada ya uhai wako ni namba ya gari. Usikubali kumalizana pale pale kwa elfu ishirini huku damu ikiwa bado moto, kwa sababu maumivu ya kweli huja kesho yake. Taarifu polisi, upate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ndiye wewe. Waendesha baiskeli wengi hawajui kwamba bima hiyo inawahusu, wanajitibu kwa mikopo. Namba ya gari na taarifa ya polisi ndizo zinazofungua mlango huo.

Na watakupigia miluzi, mwanangu. Kuna wanaume wakiona mwanamke juu ya baiskeli hudhani wameonyeshwa sinema. Usijibu, usigeuze shingo; kugeuka kwa hasira kunakuyumbisha. Wiki ya tatu watakuwa wamekuzoea, na mama mmoja muuza maandazi atakuwa anakupungia mkono. Nimeyaona hayo kwa kila binti niliyemfundisha.

Mashindano sasa, swali lililonifurahisha kuliko yote. Miaka 27 hujachelewa hata kidogo. Kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, siku tano, ni 120 kwa wiki, na huo ni msingi ambao wengine wanautafuta kwa fedha. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulianza hivyo hivyo. Shinyanga baiskeli ilikuwa, na bado ni, gari la familia: inabeba maji, mkaa, mgonjwa, bibi harusi. Kijana aliyebeba magunia kwa karia tangu utotoni ukimtoa mzigo na kumpa namba ya mashindano, anaruka. Ndiyo maana Shinyanga na Mwanza zimekuwa kitovu cha mbio za baiskeli hapa nchini, na wanawake wamo.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Wanawake walikimbia kilomita 164.6 kwenye vilima vile, akashinda Magdeleine Vallières wa Kanada. Wanaume walikwenda 267.5, akashinda Tadej Pogačar, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kwa hiyo safari zako za wiki nzima hazijafikia walichofanya wale wanawake kwa siku moja. Nakutajia ili ujue ukubwa wa mlima, usije ukaahidiwa na mtu kwamba utaupanda kwa miezi mitatu. Lakini Biniam Girmay ametoka Eritrea, nchi ambayo watu wanaikumbatia baiskeli kama sisi tunavyoukumbatia mpira, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho. Afrika Mashariki hatukosi miguu. Tunakosa baiskeli, walimu, na barabara salama za kufanyia mazoezi.

Usinunue baiskeli ya matairi membamba sasa hivi. Endesha hii nzito kwa miezi sita. Kisha tafuta kundi linalotoka alfajiri siku za mapumziko, kwa sababu kukimbia ndani ya kundi ni ufundi wa peke yake: kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako akukingie upepo, kutobana breki ghafla, kuonyesha shimo kwa mkono ili wa nyuma aokoke. Mtu mwenye nguvu asiyejua hayo anawaangusha kumi. Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, ndicho kinachosimamia mchezo, ukiwa tayari utaanzia huko. Na kofia usiivue kamwe kwa sababu umekuwa hodari. Suleiman Kangangi wa Kenya alikuwa kapteni wa timu ya baiskeli, mlezi wa vijana, mtu aliyeijua baiskeli kama kiganja chake, naye alifariki Agosti 2022 kwa ajali ndani ya mashindano huko Vermont, Marekani. Tulilia mpaka huku.

Turudi kwa mama. Usimshinde kwa maneno. Jumapili asubuhi mchukue mpande mwendokasi kutoka Kimara, mkae dirishani upande wa kushoto, umwonyeshe njia: hapa nitapunguza mwendo, Ubungo hapa nitashuka nivuke kwa miguu, kituo hiki nitasubiri nyuma ya basi, Fire nitasukuma. Msikilize pia. Mama aliyeishi Kimara miaka yote atakuambia kona ambayo mimi sikuitaja. Jumapili inayofuata iendeshe njia hiyo mwenyewe saa 1 asubuhi, magari yakiwa machache, na ya tatu vilevile. Safari ya kwanza ya kazini iwe Jumamosi. Ukishaifunga baiskeli kwenye nguzo, kabla hujafungua duka, mpigie simu.